Kinyago na Aliyekichonga: Kwa Nini Vijana Wetu Wafundishwe Kutengeneza Vitu vya Kutisha

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Methali hii huitumia zaidi watu wenye kinyongo. Mzazi aliyetunishiwa misuli na mwanawe huikumbuka, na mpiga kura aliyefungiwa mlango na mbunge wake huikumbuka pia. Ni nadra kwetu kuichukua kwa maana yake ya kwanza, ile ya karakana: kwamba yupo mtu aliyeketi chini ya mwembe na tezo mkononi, akautoa uso wa kuogofya katika gogo, na alipomaliza akawa mtu pekee kijijini asiyeuogopa.

Makala haya yanahusu mtu huyo na ujuzi wake. Hoja yangu ni kwamba taifa linalotaka raia wasiotishika ovyo halina budi kuwafundisha vijana wake namna vitisho vinavyoundwa, na kuwafundisha kwa mikono, kwa mbao, rangi, nta na gundi. Najua kwamba hoja hii itawakera baadhi ya wasomaji wangu, hasa walio katika ofisi za elimu na walio katika mimbari. Nawaomba wanivumilie hadi mwisho.

Tuanze kusini. Katika nyanda za juu za Wamakonde, upande wetu wa Newala na Tandahimba na upande wa Mueda ng'ambo ya Mto Ruvuma, kipo kinyago kiitwacho lipiko, kwa wingi mapiko. Si kinyago cha kuning'iniza ukutani. Ni kichwa kizima kilichochongwa kwa mti mwepesi na kukombwa ndani mpaka kuta zake zikawa nyembamba, ili mchezaji akivae kama kofia na kuchungulia nje kupitia mdomo wake. Mpingo, ule ulioujulisha ulimwengu jina la Mmakonde, haufai kwa kazi hii, maana ni mti mzito kiasi cha kuzama majini. Baada ya tezo na patasi huja rangi, aghalabu ile inayokaribia udongo mwekundu. Kisha huja nta ya nyuki, ambayo fundi huitumia kuziinua chale za usoni. Kisha huja nywele, nywele halisi za binadamu, zilizobandikwa utosini na pengine kidevuni. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima asitambulike, na hapo ngoma huanza.

Wanaosoma sanaa vyuoni leo huiita kazi ya namna hii sanaa ya vifaa mchanganyiko, na husoma kwamba ilianza Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, wachoraji wa Paris walipoanza kubandika karatasi na vitambaa juu ya picha zao. Fundi wa lipiko hakuwasubiri. Alikuwa akijua kwamba mti peke yake ni mti, na rangi peke yake ni rangi, bali ukitia unywele mmoja wa mtu katika uso wa mti, anayetazama husimama nywele za kwake.

Lakini kilicho muhimu zaidi katika lipiko ni desturi iliyokizunguka. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba lipiko si mtu, bali ni marehemu aliyerudi kutoka kuzimu. Kijana akipelekwa jandoni alikutanishwa na kiumbe huyo ana kwa ana, akatakiwa asikimbie, na hatimaye kinyago kikavuliwa mbele yake. Ndani yake alikuwamo mtu anayemfahamu, labda mjomba wake, anayetokwa na jasho. Huo ndio uliokuwa mtihani, na huo ndio uliokuwa ufunuo. Utu uzima, kwa tafsiri ya wazee wale, ulianza siku ile kijana alipouona upande wa nyuma wa kinyago.

Nimefundisha nadharia za dola kwa miaka mingi, na sijapata kukutana na maelezo mafupi na kamili kuliko hayo kuhusu tofauti baina ya mtawaliwa na raia. Mtawaliwa huona uso wa kinyago tu. Raia ameshauona mgongo wake: ameona alama za patasi zisizopigwa msasa, ameona mahali gundi ilipovuja, na anajua ni nani aliyemo.

Sitaki kuipamba desturi hiyo kupita kiasi. Siri ya lipiko ilikuwa pia chombo cha wanaume kuwatawala wanawake, na kijana aliyefunuliwa ukweli aliapishwa asiutoe nje. Yaani alihamishwa kutoka kundi la wanaotishwa akaingizwa katika kundi la wanaotisha. Tabia hiyo tunaijua vizuri katika siasa zetu: mwanaharakati wa jana, akishavuliwa kinyago mbele yake na kuonyeshwa kiti kilichomo ndani, mara nyingi hukivaa. Hata hivyo watafiti wamebainisha kwamba wanawake walijua zaidi ya walivyoruhusiwa kusema, na baada ya uhuru wa Msumbiji vilitokea hata vikundi vya wanawake wanaocheza mapiko wenyewe. Siri ilipanuka, na ngoma haikufa.

Tena kinyago hicho hakikubaki kwa marehemu tu. Wakati wa ukoloni wachongaji walitengeneza mapiko yenye nyuso za Wareno na za wafanyabiashara wageni, na watu wakacheka usiku kile walichokiogopa mchana. Nyanda hizo za Mueda ndizo zilizoshuhudia mauaji ya tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya utawala. Miaka minne baadaye vita vya ukombozi vilianza katika jimbo hilo hilo la Cabo Delgado. Sidai kwamba vinyago vilileta vita. Nasema kwamba watu waliokwisha kuuchonga uso wa mtawala kwa mti na kuupaka rangi walikuwa wamepata zoezi fulani la moyo ambalo risala na vipeperushi peke yake haviwezi kulitoa. Jirani zao wa Malawi, Zambia na Msumbiji ya kati walifanya vivyo hivyo katika Gule Wamkulu, ngoma iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008: miongoni mwa vinyago vyake yumo Simoni, mwenye uso mwekundu, anayemdhihaki mzungu mtawala.

Upande wetu, sanaa ya kutisha ilichukua njia nyingine. Wachongaji waliovuka Ruvuma kuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, wengine wakafika Dar es Salaam, walianza katika miaka ya 1950 kuchonga mtindo uliopewa jina la shetani. Simulizi za historia ya sanaa hiyo humtaja Samaki Likankoa kuwa mwanzilishi wake, na humtaja mfanyabiashara Mohamed Peera kuwa mnunuzi aliyeutia moyo. Binadamu aliyezoeleka akayeyuka: jicho moja, mkono unaogeuka kuwa mguu, tumbo lililo pango. Ndipo George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliyeanza kama mlinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, akawachukua mashetani hao na kuwapaka rangi za mafuta zinazong'aa: waridi, manjano, buluu, madoa juu ya madoa. Mashetani wa Lilanga wana masikio makubwa na midomo mikubwa. Wanakunywa, wanacheza, wanazozana, wanabebana. Mtazamaji huanza kwa kushtuka na huishia kwa kujitambua. Ebrahim Hussein naye, katika tamthilia yake ya Mashetani ya mwaka 1971, aliutumia mchezo wa shetani na binadamu kuzungumzia ukoloni na wale waliorithi nafasi yake. Kizazi hicho kilijua kwamba shetani ni zana ya kufikiria.

Kizazi chetu kimefanya nini na urithi huo? Tumeugawa mafungu mawili. Fungu la kwanza tumeliweka sokoni kwa ajili ya watalii, pale Mwenge na kwingineko, na mchongaji anapokea bei ya chakula cha siku. Fungu la pili tumeliita uchawi na kulifungia nje ya shule. Katikati hapakubaki kitu, na katikati hapo ndipo watoto wetu walipo.

Muhula uliopita niliamua kujaribu. Katika somo langu la falsafa ya siasa niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi lisilo la kawaida: kila mmoja atengeneze kwa mikono yake kitu kinachowakilisha anachokiogopa katika maisha ya umma, na aandike ukurasa mmoja wa kukieleza. Seremala wa jirani alituuzia masalia ya plaiwudi kwa bei ya kutupa. Tulinunua msumeno wa waya, msasa, gundi nyeupe ya mbao na rangi za maji za kopo. Vingine vilitoka majumbani: magunia kuukuu, katani, vizibo vya soda, nyuzi za redio mbovu, vifuu vya nazi, vipande vya kanga, pamba ya godoro, na nywele zilizofagiliwa kwenye saluni.

Kwanza walichora umbo kwa penseli, wakakata, wakapiga msasa kingo. Niliwafundisha nilichofundishwa na mchongaji mmoja mzee: paka kwanza rangi nyeusi kote, acha ikauke kabisa, kisha paka nyeupe au nyekundu juu yake kwa brashi kavu, ili weusi ubaki kwenye mifereji na kingo. Ukifanya hivyo mbao mpya huonekana imezikwa miaka mia. Ukichanganya gundi na vumbi la msumeno unapata ngozi yenye mabaka. Ukizungushia uzi wa katani uliochovywa kwenye chai ya rangi unapata sanda. Nilishangaa kuona vijana wenye simu za kisasa mfukoni wakisahau kuzitazama kwa saa tatu.

Kazi walizoleta sikuzitarajia. Nilidhani nitaona popobawa na majini. Hakuna aliyeleta jini. Binti mmoja alileta mlango mdogo wa mbao uliopakwa rangi ya kijivu ya ofisi, wenye jicho moja la kioo badala ya kitasa, na juu yake maneno "Njoo Kesho" yaliyoandikwa mara arobaini, kila mara kwa herufi ndogo zaidi. Kijana mmoja alichonga bahasha yenye meno, na meno yenyewe yalikuwa vizibo vya soda vilivyokunjwa; aliieleza kuwa ni barua ya deni la mkopo wa masomo litakalomsubiri kabla hajapata ajira. Mwingine alileta kitanda cha hospitali kilichofungwa mnyororo wa waya, na kwenye mnyororo ikaning'inia risiti. Mmoja alikata umbo la mtu mzima asiye na uso. Uso aliuacha mbao tupu, isiyopakwa chochote. Viatu tu ndivyo alivyovipaka kiwi ya kweli, vikang'aa. Aliliweka mezani akarudi kuketi. Ukurasa wake wa maelezo ulikuwa mtupu. Hakuna mwanafunzi aliyemwuliza ni nani, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kumtambua.

Kilichofuata ndicho kilichonipa sababu ya kuandika. Mjadala wa siku ile ulikuwa bora kuliko mjadala wowote niliousimamia kwa kutumia vitabu peke yake. Aliyetengeneza mlango alisema: "Mwalimu, nilipokuwa nalibandika lile jicho niligundua kwamba ofisini hakuna jicho. Nilikuwa nimelitia mwenyewe tangu zamani." Mwenzake alimjibu kwamba jicho lipo, ila lina mshahara, lina mkubwa wake na lina sheria inayoliongoza, kwa hiyo linaweza kuandikiwa barua. Wakaanza kubishana ni barua ipi na kwa nani. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016, ambayo huwa nawabembeleza waisome, waliitafuta wenyewe.

Tuliziweka kazi hizo ukumbini kwa siku tatu. Siku ya pili msimamizi mmoja aliagiza ziondolewe. Nilipomwendea alinipokea kwa heshima zote, akaniagizia chai, kisha akaniambia: "Daktari, wewe ni msomi, unaelewa. Lakini wazazi wakipita hapa watasema chuo kinafundisha ushirikina." Nilimwuliza ni kazi ipi hasa iliyomsumbua. Alisita, kisha akanitajia lile umbo lisilo na uso. Nakiri kwamba jibu hilo lilinifariji: alikuwa ameielewa sanaa vizuri kuliko wahakiki wengi. Hata hivyo kazi ziliondolewa, na aliyeumia ni mwanafunzi aliyebeba kazi yake chini ya kwapa akirudi bwenini gizani, akiificha kana kwamba amebeba kitu cha wizi.

Nazitazama sasa pingamizi, maana ni za haki na zinastahili majibu.

Ya kwanza ni ya dini. Wapo Waislamu na Wakristo wema wanaoona kwamba kuchonga maumbo ya kutisha ni kualika yasiyofaa. Siwezi kumlazimisha mtu aende kinyume na dhamiri yake, na zoezi langu halimlazimishi yeyote kuchonga kiumbe chenye roho. Yule binti alichonga mlango. Naomba tu tuzingatie tofauti baina ya kuabudu kitu na kukichunguza. Mwenye kuabudu hafungui mgongo wa sanamu. Sisi tunaanzia mgongoni.

Ya pili ni nzito zaidi. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za maisha yote. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya biashara ya hirizi. Je, katika nchi ya namna hiyo ni busara kuwapa vijana nywele na nta wacheze na hofu? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba hofu inayoua ni ile ambayo haijapata kuguswa. Anayemwua bibi kizee kwa ajili ya macho mekundu hajawahi kuketi na mwenzake akachanganya rangi nyekundu, akaona jinsi inavyomshtua yeye mwenyewe aliyeichanganya, kisha akaioshea brashi. Mganga tapeli huishi kwa siri ya karakana yake: mfupa wa mbuzi, kitambaa chekundu, kibuyu kilichofungwa ushanga. Kijana aliyekwisha kutengeneza kitu cha kutisha zaidi ya hicho kwa plaiwudi na gundi ya madukani ni mteja mgumu kwa mganga huyo.

Ya tatu ni ya kisheria, nayo naielekeza kwa watumishi wa umma. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ilitungwa mwaka 1928 chini ya utawala wa Mwingereza, na bado inafanya kazi. Inazungumzia zana za uchawi na kufanya kumiliki zana hizo kuwa kosa. Sidai ifutwe kesho, maana wapo wanaolindwa nayo. Lakini afisa anapoitumia roho ya sheria hiyo kuamua kipi ni sanaa na kipi ni uchawi kwa kutazama tu kama kitu kinamtisha, basi anaikabidhi hofu yake binafsi mamlaka ya serikali. Mkoloni aliyeitunga sheria hiyo ndiye aliyekuwa akisafirisha vinyago vyetu kwenda kwenye makumbusho yake.

Na hapa niseme neno juu ya thamani, kwa sababu wapo watakaoniambia kwamba mambo haya hayaleti mkate. Marekani, kila Oktoba, familia huketi mezani na maumbo ya mbao yaliyokatwa tayari kiwandani: popo, boga, kaburi, mzuka. Huyapaka rangi, hubandika pamba na utando wa buibui wa bandia, na kuyaning'iniza barazani kuusubiri usiku wa tarehe 31, Halloween, sikukuu yenye asili ya Ireland na Uskoti. Shirikisho la wauzaji wa rejareja la nchi hiyo lilikadiria kwamba mwaka 2023 Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa sikukuu hiyo. Mtoto wa Ohio mwenye miaka sita hupewa brashi na ruhusa ya kuutengeneza mzuka wake. Mtoto wa Newala, ambaye babu yake huenda alichonga lipiko, hupewa fimbo akithubutu. Na siku hizi baadhi ya hoteli zetu huandaa Halloween kwa vinyago vya plastiki vilivyosafirishwa kwa meli kutoka nje.

Mexico wanatupa funzo lingine. Pedro Linares wa Jiji la Mexico alianza katika miaka ya 1930 kutengeneza alebrije, viumbe vya ndotoni vya karatasi na gundi. Baadaye vijiji vya Oaxaca, kama Arrazola na San Martín Tilcajete, vilivihamishia kwenye mti wa kopali na kuvipaka rangi zinazometameta, na vijiji hivyo leo vinaishi kwa kazi hiyo. Mwaka 2013 kampuni ya Disney ilipojaribu kusajili jina la Siku ya Wafu kuwa alama yake ya biashara, watu walipinga kwa nguvu hata kampuni ikaondoa ombi lake. Walipinga kwa sababu walijua ni chao. Hujui kuwa kitu ni chako kama hujafundishwa kukitengeneza.

Sisi tumelipa gharama ya kutokujua. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yaliibiwa vitu kadhaa, kikiwamo kinyago cha lipiko. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 msomi wa Kiitalia, Enrico Castelli, alikitambua na kutoa taarifa. Kilirudi kwetu baada ya makubaliano yaliyotiwa saini Paris mwezi Mei 2010, yaani miaka ishirini tangu kitambuliwe. Na katika hati ya kurudishwa kwake kitendo hicho kiliitwa zawadi. Tulizawadiwa mali yetu. Nimewauliza wanafunzi wangu, kundi baada ya kundi, kama wamewahi kusikia habari hiyo, na mikono iliyoinuka ni ya kuhesabika. Kwa nini wangesikia? Nchi iliyowafundisha watoto wake kwamba kinyago ni uchawi haiwezi kuwatarajia walie kinapoibiwa.

Mapendekezo yangu ni machache, na hayahitaji bajeti kubwa.

Kwa walio katika wizara na taasisi za mitaala: toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limefungua mkondo wa amali katika sekondari. Uchongaji na sanaa ya vifaa mchanganyiko viingizwe humo kwa uzito ule ule wa ushonaji na useremala, na wachongaji wazee waalikwe kufundisha na walipwe kama wakufunzi, hata kama hawana vyeti. Mwongozo mmoja mfupi wa wizara unaotamka kwamba kinyago cha darasani ni kazi ya kitaaluma ungewaondolea walimu wengi hofu ya mkaguzi.

Kwa walimu: msianze na mambo makubwa. Mbao moja, rangi mbili, na swali moja: unaogopa nini? Hakikisheni kila kazi inaonyeshwa pande zote mbili, mbele na nyuma. Na anayetaka kunyamaza kuhusu kazi yake aachwe anyamaze.

Kwa wanaharakati: tumezoea kupambana na hofu kwa taarifa na takwimu, na kazi hiyo ni njema. Lakini mtu anayeogopa hasomi taarifa. Mpeni msasa kwanza. Warsha ya siku moja ambayo wanakijiji wanachonga kile kinachowanyima usingizi, iwe ni mpaka wa hifadhi, ushuru au mtendaji, itawaambia mengi ambayo dodoso haliwezi kuyapata.

Kwa wanafunzi wangu, hasa yule wa umbo lisilo na uso: kazi yako iko ofisini kwangu, ukutani, mkabala na mlango. Kila anayeingia huitazama, kisha hutazama kando, kisha huitazama tena. Wiki iliyopita mfanyakazi mmoja wa usafi alisimama mbele yake na ufagio mkononi, akaigeuza taratibu atazame nyuma. Aliona plaiwudi, alama za penseli na jina lako. Alicheka, akaendelea kufagia.